Mifuko Mitatu ya Koti la Mpokea Dau

Nilijua nimeharibu siku ya Alhamisi asubuhi, mwenye duka akiwa amesimama na kikombe chake cha kahawa, akinisimulia habari za koti ambalo lilikuwa limetundikwa nyuma yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi kwa raha. Nilikuwa hata naimba kidogo kidogo puani.

Duka letu ni la kurekebisha nguo. Tunapunguza, tunaongeza, tunapinda, tunabadilisha zipu. Liko Kensington, kwenye barabara ya tramu, na wateja wetu ni wa aina mbili kwa sababu upande mmoja tuna chuo kikuu na upande mwingine uwanja wa mbio za farasi. Wanafunzi huleta suruali za usaili. Watu wa farasi huleta magauni na suti, tena huzileta zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya mbio, wakitaka miujiza. Mimi nakaa Blacktown na wadogo zangu wawili. Kila asubuhi napanda treni hadi mjini, kisha tramu, na ninapofika dukani nimekwisha kusali, kusinzia na kuamka tena.

Koti lililetwa Jumatatu na mzee mmoja mwembamba aliyekuwa amevaa fulana ya bluu yenye kola, jina la kampuni kifuani, kapelo kichwani na raba nyeupe miguuni. Nilidhani ni fundi wa majokofu. Kumbe ni mpokea dau, mmoja wa wale wanaosimama uwanjani siku ya mbio; unamwendea, unamtajia farasi wako, anakuambia atakulipa kiasi gani akishinda, unamkabidhi hela yako na kubaki na karatasi. Kazi hiyo aliifanya baba yake, na babu yake kabla ya hapo.

Alitoa picha ndani ya bahasha akaiweka juu ya meza ya kukatia. Baba yake alikuwa amesimama juu ya kisanduku cha mbao ili aonekane na watu. Suti ya vipande vitatu, kizibao kimefungwa vifungo vyote isipokuwa cha chini, mnyororo wa saa umepita tumboni, kofia ya pama, ua kwenye ukosi. Shingoni amening'iniza mkoba mkubwa wa ngozi ulioandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu, mdomo wa mkoba wazi mbele ya tumbo. Nyuma yake wapokea dau wengine wamepangana mstari mzima, kila mtu na kisanduku chake na mwavuli wake, na wote wamevaa vilevile. Walinikumbusha wazee wa kanisa siku ya harusi.

"Kila mmoja wao," mzee alisema, "hata yule ambaye hakuwa na shati la pili nyumbani. Mtu anakupa mshahara wake mkononi na hakujui. Ungekuwa umevaa kama mimi leo, angekupa?"

Mwenye duka alimtazama kuanzia kapelo hadi raba. Ni mama wa makamo ya juu, alikuja nchi hii akiwa msichana kutoka Ugiriki, na hana kawaida ya kumbembeleza mteja.

"Mimi nisingekupa hata mwavuli wangu unishikie," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja."

Akaeleza kwamba Jumamosi ile wapokea dau waliobaki uwanjani walikuwa wamekubaliana kuvaa kama wa zamani, siku moja tu, kwa heshima ya waliotangulia. Wenzake wangekodi suti. Yeye alitaka koti la baba yake. Lilikuwa la sufu ya kijivu, zito, na kwa mikono yangu nilijua mara moja kwamba lilishonwa na mtu aliyejua kazi. Tatizo lilikuwa ukubwa.

"Baba alikuwa mtu wa mwili. Mimi nilirithi mwili wa mama, na sasa hata huo umepungua."

Nilimpima, nikamchomeka pini mabegani na mgongoni. Alisimama wima bila kupumua, kama anapigwa picha. Baadaye yeye na mwenye duka walizungumza mlangoni kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa napokea suruali ya mwanafunzi aliyekuwa na haraka. Sikusikia walichosema, na wala sikutega sikio.

Nililolisikia na kulishika ni moja tu, kwamba koti lilikuwa la marehemu.

Kwetu nguo ya marehemu haivaliwi na mtu mwingine mpaka mifuko yake ipinduliwe nje na kuanikwa juani. Shangazi yangu ndiye aliyepindua ya baba. Tulikuwa kambini Kigoma, mimi na miaka kumi na mitatu, mama alikuwa ametangulia kwa miezi michache. Shangazi alilitandika koti la baba juu ya kamba, akavuta mifuko nje yote minne, ikaning'inia kama ndimi, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na mtu aliye karibu, kwamba hakuna chako kilichobaki humu, acha wanao wavae. Jioni ile mdogo wangu wa kiume alilivaa, likamfika magotini. Wiki ile ile mimi niliacha shule na kwenda kukaa kwenye cherehani ya fundi mmoja wa kambini, nikaanza kwa kumfumulia nguo kuukuu.

Kwa hiyo Jumanne, kabla ya kugusa mabega, nilikwenda kwenye mifuko. Nikakuta yote mitatu, miwili ya pembeni na mmoja wa ndani kifuani, imeshonwa ikafungwa. Ilishonwa kwa mkono, mishono midogo midogo, uzi mweusi uliopauka ukaelekea kuwa wa kahawia. Jicho langu liliona kwamba si kazi ya fundi aliyeshona koti. Mkono haukusubiri jicho limalize. Nikachukua wembe, nikafumua mifuko yote, nikaipindua nje. Ilikuwa mitupu. Nikalitundika koti dirishani penye jua hadi saa ya chakula, mifuko imening'inia, na nikaona nimemtendea yule mzee wema ambao hakujua hata kuuomba.

Uzi sikuutupa. Hiyo ni tabia ya kambini. Uzi wetu ulikuwa haba, na fundi wangu alinifundisha kuuvuta taratibu utoke mzima, kisha kuuzungushia kwenye njiti ya kiberiti. Hadi leo siwezi kutupa uzi mrefu. Mwenye duka hunicheka. Ana kopo zima la njiti zangu kwenye rafu.

Basi, Alhamisi, kahawa mkononi, ananiambia:

"Fundi, umeona mifuko?" Huniita fundi, nilimfundisha neno hilo wiki ya kwanza, akalipenda.

"Nimeiona."

"Alinisimulia mlangoni. Baba yake alikuwa na mshirika, na mshirika akaanza kunong'ona kwa watu kwamba jamaa anaficha hela mifukoni kabla ya kugawana. Baba hakujibu neno. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe, nishonee mifuko yote. Akaenda uwanjani hivyo. Kila kitu kinaingia mkobani, mbele ya macho ya watu. Miaka yote aliyobaki alivaa koti lisilo na mfuko. Hata leso alikuwa anaiweka ndani ya kofia." Akanywa kidogo. "Mishono ile ni ya mama wa huyu mzee. Anasema ndicho kitu pekee cha mkono wake alichobaki nacho. Nyumba yao iliungua."

Nilisema, "Ndiyo, mama." Sauti ilitoka. Sindano niliiweka chini.

Koti lilikuwa nyuma yangu, kwenye tundikio, limefunikwa. Mifuko nilikuwa nimeirudisha ndani, kwa hiyo mtu asingejua kwa kutazama tu. Angejua akipitisha mkono. Mwenye duka ni mtu wa kupitisha mkono.

Niseme ni kwa nini niliogopa kiasi kile, maana koti ni koti. Nyumba tuliyokuwa tunapanga ilikuwa inauzwa, na tulikuwa tumebakiwa na muda mfupi wa kuhama. Tulikuwa tumeomba nyingine, palepale Blacktown, karibu na shule ya mdogo wangu wa kike. Wakala alisema tumo kwenye orodha, kilichobaki ni barua ya mwajiri, na akaitaka kabla ya Jumatatu saa sita mchana, vinginevyo anampa anayefuata. Mwenye duka alikuwa ameahidi kuiandika mwishoni mwa wiki. Bila barua hakuna nyumba. Na bila nyumba watu wa kanisani walikuwa wamekwisha kujitolea kwa wema: familia moja ingemchukua mdogo wangu wa kike, nyingine, mbali sana na hapo, ingemchukua wa kiume, na mimi ningetafuta chumba. Walisema ni kwa muda. Tangu kambini hadi ndege hadi hapa hakuna mtu aliyetutenganisha, na walijaribu. Nikiwa nimemshika mama mkono siku aliyofariki, nilisema sitawaacha. Ni neno moja tu nililowahi kuahidi maishani, na sikuwa na umri wa kuahidi.

Kabla yangu pale dukani alikuwepo fundi mwingine. Aliunguza gauni la bibi harusi kwa pasi. Aliondoka siku hiyohiyo, na mwenye duka hakumtaja tena ila alipotaka nipunguze moto wa pasi.

Mwenye duka alipotoka saa saba kwenda benki, nilifunga mlango wa nyuma, nikachukua njiti tatu. Nilikuwa nimezungushia uzi wa kila mfuko kwenye njiti yake, bila sababu, ni mazoea tu. Kitambaa cha sufu kina kumbukumbu. Ukikitazama kwa mwanga wa pembeni unaona matundu ya sindano ya zamani, madogo kama vinyweleo. Nikapitisha uzi wa mama wa mzee kwenye matundu yake mwenyewe. Mfuko wa kwanza ulikubali. Nikavaa subana, kitu ambacho siku hizi huwa sivai, ili angalau kidole kimoja kiwe na chuma. Njia yake ya kushona ilikuwa ya ajabu kidogo, kila mshono wa nne aliurudia. Sijui ni kwa nini. Labda alikuwa anahesabu kitu, au anaomba. Nilimfuata, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, rudia.

Wa pili nao ukakubali.

Wa tatu, ule wa kifuani, uzi ulikatika. Nikaunga fundo, nikavuta, ukakatika tena pengine. Ulikuwa umeoza pale jasho la mtu lilipokuwa likifika miaka yote ile. Nilibaki na vipande vifupi ambavyo sindano haiwezi kuvishika. Nje tramu ilipiga kengele na mimi nikaruka kwenye kiti kama mwizi. Nikachukua uzi wangu, rangi ya karibu, nikaumaliza mfuko ule kwa mwendo uleule wa mishono. Ulitoka vizuri. Ulitoka vizuri mno. Na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote, kwamba hakuna mtu angejua.

Jioni ile mezani niliwaambia wadogo zangu. Mimi nawasemesha Kiswahili, wao wananijibu kwa Kiingereza, kisha wakitaka kunibembeleza wanarudi kwenye Kiswahili. Huniita yaya, kwetu ni dada mkubwa.

"Yaya, nyamaza tu," kijana alisema. "Umeshashona. Imekwisha."

"Si uzi wa mama yake."

"Atajuaje? Ni mzee. Hata malipo ya kila farasi anaandikiwa na kompyuta."

Binti alikuwa anakata vitunguu, anapangusa macho kwa kiwiko. "Na ukimwambia, na yule mama wa duka asiandike barua?"

Nikaanza kupanga sahani.

"Yaya. Asipoandika?"

"Tutaona."

"Wewe ukisema tutaona, maana yake hujui," alisema, akarudi kwenye vitunguu. Kisu chake kiligonga ubao haraka haraka, nami nikasikia kwamba naye anaogopa, na kwamba ameanza kuogopa kama mimi, kwa kushughulisha mikono.

Ijumaa mzee alikuja saa tisa. Ndani ya treni nilikuwa nimepanga maneno, nikayapanga tena ndani ya tramu. Alivaa kizibao alichokuja nacho, kisha nikamshikia koti akaingiza mikono. Mabega yalikaa. Mgongo ulikaa. Alijitazama kwenye kioo, mbele na ubavuni. Kisha mzee akafanya nililokuwa naliogopa. Alipitisha kidole gumba juu ya mfuko wa kulia, taratibu, mshono kwa mshono. Akahamia wa kushoto. Akaingiza mkono ndani, kifuani.

Maneno yote ya kwenye treni yalinikimbia. Nikasema, "Huo si wa mama yako. Huo nimeshona mimi."

Alibaki na mkono ndani ya koti. Mwenye duka akaweka tepu mezani.

Nikasema yote. Kwamba kwetu mifuko ya marehemu hupinduliwa. Kwamba sikuuliza. Kwamba miwili ni uzi wake na matundu yake ila mkono ni wangu, na wa tatu ulikatika. Nikatoa mfukoni mwa aproni njiti ya tatu yenye vile vipande vifupi nikamwekea juu ya meza. Kiingereza changu nikiogopa hupoteza viungo, kwa hiyo sijui yalitoka namna gani.

Mzee aliichukua njiti akaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Ulikuta nini ndani?" aliuliza.

"Hakuna kitu. Mitupu yote."

"Yote mitatu?"

"Yote. Nililianika koti dirishani. Hamkuwa na kitu."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, koti likiwa bado mwilini. Akasema, si kwangu hasa, "Miaka sitini watu wakiuliza nasema mitupu. Sikuwahi kufungua." Kisha akasimama, akavua koti kwa uangalifu, akanipa nimfungie aondoke nalo. "Kesho saa tano njoo uwanjani. Beba sindano na mkasi. Huwezi kujua, nguo ya zamani."

Alipotoka, nilimtazama mwenye duka. Alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi.

"Nenda kesho," alisema. "Mengine Jumatatu."

Hakutaja barua. Sikuwa na ujasiri wa kuitaja.

Sikuwa nimewahi kuingia uwanja wa farasi kabla ya siku ile. Kanisani kwetu kamari inahubiriwa mara mbili kwa mwaka, na binti alinisindikiza hadi mlangoni akisema, "Yaya anaenda kubeti, jamani, ombeni." Nilivaa gauni la ibada na kitambaa kichwani, nikainamisha uso mpaka nilipopita geti, nikihofia kuonwa na watu wetu, na ndani nikahofia kila mtu mwingine. Vijana walikuwa na viatu vinavyong'aa na soksi hazionekani. Wasichana walivaa vitu vyenye manyoya kichwani, wengine wameanza kutembea peku.

Wapokea dau walikuwa kwenye eneo lao, chini ya paa, na nikaelewa mzee alichokuwa anasema. Siku za kawaida huwa wamevaaje? Kulikuwa na wawili waliokataa mchezo, nao walinionyesha. Mmoja alivaa jinzi na jaketi jepesi la kujazwa manyoya, miwani ya jua juu ya kapelo. Wa pili alikuwa na fulana kama ile ya mzee, amekaa kwenye kiti kirefu, macho kwenye kompyuta. Nyuma yao hakukuwa na ubao wa kuandika kwa chaki, bali skrini yenye tarakimu zinazobadilika zenyewe. Mteja anagusisha kadi, mashine inatema karatasi, na wote wawili wanaweza kumaliza bila kutazamana. Nguo ya nini, kama hakuna anayekutazama?

Waliovaa kizamani walionekana kama watu walioazima miili. Suti za kukodi zilikuwa zimebana makwapa. Mmoja alikuwa amefunga kizibao hadi kifungo cha chini, na mikono yangu iliwasha kumfungulia. Mzee wangu alisimama juu ya kisanduku, pama kichwani, ua kwenye ukosi, mkoba wa baba yake shingoni. Nilisahau kuogopa kwa muda. Watu walikuwa wanamwendea yeye. Walikuwa wanatoa hela za karatasi ambazo sijui walizitoa wapi, na walikuwa wanasema tafadhali.

Aliponiona alishuka.

"Fundi. Nina shida."

Moyo ukashuka naye. "Wapi? Bega?"

"Simu."

Alikuwa ameishika mkononi, pamoja na miwani ya kusomea na kalamu. Hakuwa na mahali pa kuziweka. Akiziweka mkobani zinapotea chini ya hela. Akiziweka kwenye kisanduku anazikanyaga. Mpokea dau wa suti ya kukodi alikuwa anamcheka waziwazi. "Muulize baba yako alikuwa anaweka wapi simu," alimwambia.

"Baba alikuwa na akili ya kutokuwa nayo," mzee alijibu, kisha akanigeukia, akafungua koti upande wa kifua. "Huu wako. Ufumue. Ya mama iache."

Nilifanya kazi ile nikiwa nimesimama, katikati ya watu, mkasi mdogo karibu na moyo wa mtu, na nyuma yetu farasi wakitangazwa kwenye vipaza sauti. Mshono, mshono, mshono, ule wa nne uliorudiwa ukanisumbua. Nilivuta uzi ukatoka mzima. Akaingiza simu, akaingiza miwani, akapiga kifua kidogo kwa kiganja kuhakikisha. Nami bila kufikiri nikatafuta njiti kwenye mkoba wangu, sikuwa nayo, nikauzungushia kidoleni.

"Yeye angenigombeza," alisema. "Mama. Lakini angekubali, kwa sababu ya miwani." Akarudi juu ya kisanduku chake.

Jumatatu nilifika dukani saa moja na nusu. Mwenye duka hakuwepo. Saa mbili hakuwepo. Saa tatu alikuja na boksi la zipu, akaniambia nizipange kwa rangi, nikazipanga, nikaona nyekundu ni kijani. Saa nne na robo alikaa kwenye kompyuta yake ya zamani, akachapa kwa vidole viwili, akisimama kila mara kutazama tramu. Mashine ikatoa karatasi. Akaisaini akaja kuiweka juu ya cherehani yangu, chini ya mkasi, kama anavyoweka kazi nyingine.

"Yule wa pasi," alisema, "unakumbuka? Watu wanadhani nilimfukuza kwa gauni. Aliniambia ni mvuke. Nilimuuliza mara tatu, mara zote tatu ni mvuke, si yeye." Akavaa miwani yake. "Na wewe siku nyingine uliza kwanza, kabla ya kupindua mifuko ya watu. Watu wa hapa hawajui hayo mambo yenu."

"Ndiyo, mama."

Niliipiga picha barua nikaituma kwa binti, kwa sababu yeye ndiye anayejaza fomu za wakala kwenye mtandao, na ndiye anayejua kama Kiingereza kimekaa sawa. Alikuwa kwenye mapumziko ya shule. Alinipigia mara moja.

"Yaya, nimeisoma. Kuna shida."

Nilishika ukingo wa meza. "Shida gani?"

"Ameandika kwamba wewe ni mfanyakazi mzuri, wa miaka mingi, mwaminifu, ila unafungua mifuko ya watu."

Nilihisi treni nzima, ndege nzima, kambi nzima inanirudia. Kisha nikamsikia anacheka, na wenzake wanacheka nyuma yake bila kujua sababu.

"Hajaandika hivyo. Hajaandika. Nimeshaituma, yaya. Wameshaipokea. Yaya, uko hapo?"

"Niko."

"Umekasirika?"

"Rudi darasani," nilimwambia, nikakata simu, nikakaa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Mbele yangu palikuwa na suruali ya mwanafunzi ya kupinda, na sikuweza kutia uzi kwenye sindano. Nilijaribu mara nne. Mwishowe mwenye duka alinyoosha mkono bila kunitazama, akaichukua sindano, akanitilia.